Mkeka wa Saa Sita

Mimi ni mwalimu wa sayansi, na nina mdomo. Mambo haya mawili yakikutana kwa mtu mmoja, walio karibu naye wana kazi. Aliyekuwa karibu yangu kuliko wote ni mama.

Nianze na salfa, maana wengi wanaotafuna korosho huko waliko hawajui zilikopita. Mikorosho ikianza kutoa maua, kuanzia mwezi wa sita hivi, huingiwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Maua yanageuka meupe, yanakauka, na mwaka wako umekwisha. Dawa yake ni salfa, unga wa njano. Mtu anabeba mashine mgongoni, inaunguruma, anaupuliza unga mpaka mti wote hauonekani. Na unapulizwa alfajiri, upepo ukiwa haujaamka na majani yakiwa bado na umande, ili unga ushike. Kwetu, njia ya kwenda Msimbati, kijiji kizima kinapuliza kwa wakati mmoja. Kwa hiyo msimu wa salfa una sheria yake ambayo hakuna aliyeiandika: alfajiri kaa ndani, funga mlango, funika ndoo za maji; saa sita, unga ukishatua, toka nje upumue. Nimekua na sheria hiyo. Salfa ilinitoa machozi miaka mingi kabla sijajua kuiandika ubaoni kwa herufi yake.

Baba alipofariki, shamba lilibaki mikononi mwa kaka yangu, na mama akabaki naye. Mimi nilikuwa nimeshajenga mjini. Miaka michache iliyopita kifua cha mama kikaanza kupiga mluzi. Kaka aliniambia kwa simu kwamba ni mafua. Nilikwenda mwenyewe Jumamosi moja ya mwezi wa saba, nikafika asubuhi mapema, nikamkuta mama ndani, kanga mdomoni, anavuta pumzi kwa mabega. Nje, kaka yangu alikuwa wa njano kuanzia kofia hadi viatu.

Nilimpigia kelele kaka yangu mkubwa mbele ya majirani, jambo ambalo kwetu halifanywi. "Utamwua mama kwa salfa yako!"

Akazima mashine. "Na nisipopuliza tutakula nini? Mshahara wako?"

"Angalau mshahara wangu hauvimbishi mtu kifua."

"Nnungu wangu," mama akasema kutoka ndani, kwa sauti ndogo, "hawa watoto nimewazaa mimi kweli?"

Mchana huohuo nilimchukua. Alibeba furushi la nguo, chano chake cha ukili, maana mama hawezi kukaa bila kusuka, na mkeka mmoja aliousuka mwenyewe. Nikamwambia, "Twende mjini ukapumue." Maneno hayo niliyasema kwa majivuno, na kaka aliyasikia, na nilitaka ayasikie.

Nyumba yangu ipo kando ya barabara ya malori yanayoshuka bandarini. Nilipoinunua plot ile, barabara ilikuwa ya korosho tu, miezi mitatu minne ya fujo halafu kimya. Sasa kuna makaa ya mawe, na makaa hayana msimu. Malori yanapanga foleni tangu kabla ya adhana ya alfajiri. Dereva hazimi injini, anahofia wenzake watasogea na yeye abaki. Moshi unaingia chini ya mlango. Ukipitisha kidole dirishani kinatoka cheusi, na shuka ukiianika nyeupe unaianua ya kijivu. Kufikia saa tano mengi yameshaingia ndani ya geti, na yaliyobaki yamezima, madereva wamelala chini yake kwenye vivuli. Mbingu inakuwa bluu, safi, hata mawingu hamna. Ukitazama utasema Mtwara imeoshwa.

Mnaona nilichofanya? Niliichukua sheria ya salfa nikaihamishia mjini, kama ilivyo, bila kuipunguza hata neno. Alfajiri funga. Saa sita toka nje.

Mama alikuwa na desturi ya kukaa nje baada ya swala ya alfajiri, na tasbihi yake, mpaka jua lichomoze. Nilimkataza. Nilipokuwa nakwenda shuleni asubuhi nilifunga madirisha yote, nikamwacha ndani. Shule yangu haiko mbali, hatua chache tu, kwa hiyo mapumziko ya mchana nilikuwa narudi. Nauchukua mkeka, nautandika uani mahali peupe, pembeni ya ukuta. "Toka nje, mama. Sasa hewa safi."

Siku ya tatu au ya nne alisita mlangoni. "Mwanangu, mchana hapa kunanibana."

"Kunabana nini? Hebu tazama mbingu ilivyo."

"Mbingu naiona. Nasema kifua."

"Mama, moshi si wa asubuhi? Sasa upo wapi? Nionyeshe."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema.

"Mama! Mwalimu wa sayansi hapa ni nani?"

Akacheka, huku akishika mlango. "Haya, mwalimu." Akatoka, akakaa.

Nilikuwa nakaa naye pale kwenye mkeka nusu saa, dakika arobaini. Tunakula pamoja, mara nyingi ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, aliyoletewa kutoka kijijini, na yeye anasuka, ananisimulia habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa. Kisha narudi darasani, namwacha kulekule nje mpaka alasiri. Jioni nikirudi ni madaftari. Walimu watanielewa: unaingia ndani na rundo la madaftari, unakaa mezani, mtu akikusemesha unaitikia "mm" bila kuinua kichwa. Jirani akipita mchana na kumwona, mama alikuwa anamwambia, "Mwanangu kanianika kama makopa," na wote wanacheka, na mimi nikiwepo nacheka.

Ukili ulinionyesha, kama ningekuwa na macho. Mwezi wake wa kwanza kwangu alikuwa anasuka urefu wa mikono miwili kwa mchana mmoja. Baadaye mkono mmoja. Baadaye nikawa namkuta ameuweka mapajani, anaushika tu. Nilisema ni uzee.

Mwezi wa tisa akaniambia, "Salfa imekwisha. Nirudishe kwangu."

"Kwa kifua hicho?"

Kweli kifua kilikuwa kibaya kuliko alivyokuja nacho. Nikamweleza kwamba salfa huwa inakaa ndani ya mapafu, inatoka taratibu, kwa hiyo lazima avumilie. Jambo hilo sikulisoma popote wala sikuambiwa na mtu. Nililitunga palepale, kwa sauti yangu ya darasani, na mama akaamini kwa sababu alikuwa ameuza vikapu na mikeka ili mimi nisome. Alikubali. Akakaa mwaka mzima, na wa pili ukaingia. Kila aliponiomba arudi nilikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa na lawama kwa kaka.

Msije mkadhani sikuipigania ile barabara. Niliipigania! Kwenye mkutano wa mtaa nilisimama nikasema tunakula vumbi, tunalala na vumbi, watoto wanakohoa vumbi. Nilipigiwa makofi. Wiki mbili baadaye gari la maji likaanza kupita asubuhi na jioni kumwagilia barabara. Watu walikuwa wananishika mkono sokoni. Vumbi lilitulia, na sisi tukatulia. Injini hakuna aliyezitaja, hata mimi, maana vumbi lilikuwa linaonekana na sisi tulikuwa watu wa kuona.

Mama peke yake ndiye aliyelisema, na alilisema kwa utani. "Salfa naiona inakuja, nakimbia. Hii ya kwenu siioni, nitaikimbilia wapi?"

"Hakuna kitu, mama," nikamjibu. "Ingekuwepo ningekwambia."

Siku ya mkasa ilikuwa ya joto kali, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Nilichelewa kutoka shuleni. Nilipofika uani nilimkuta amepiga magoti kwenye mkeka, viganja chini, kichwa kimeinama, nikadhani anaswali. Halafu nikasikia ile sauti. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilipiga ukunga, jirani akaja na bajaji, na njia nzima mama alikuwa amenishika kidole kimoja tu, anakibana kila anapovuta pumzi.

Hospitali walimwokoa. Daktari akaniita pembeni. Akauliza nani anavuta sigara nyumbani. Hakuna. Anapikia kuni? Hapana, gesi. Mnakaa wapi? Nikamwambia, nikawahi kuongeza kwamba asubuhi tunafunga madirisha na mgonjwa namtoa nje mchana tu, hewa ikiwa safi. "Vizuri," akasema, akaandika. Kisha akanieleza kwamba njia za hewa za mama zimekakamaa, na zilipofikia hazitarudi zote. Dawa ya kuvuta atatumia mpaka mwisho. Shamba asahau.

Nikamwambia mama habari ya dawa. Ile ya shamba nilimwachia aigundue mwenyewe. Na siku alipotoka hospitali nilimtandikia mkeka saa sita, kama kawaida.

Wiki chache baadaye alikuja shuleni kwetu binti mmoja niliyemfundisha zamani, sasa ni mtaalamu wa mazingira. Alikuwa ameomba kufunga kisanduku cha kupima hewa juu ya paa letu. Mtu mzima sasa, ana miwani, lakini alinipigia magoti kidogo kama zamani. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Haya, utuambie tunakula vumbi kiasi gani."

Kisanduku kilikaa huko juu siku kadhaa. Aliporudi alifungua kompyuta yake chumba cha walimu, akatuonyesha mistari. Mstari wa masizi ulikuwa juu asubuhi, unashuka mchana. Nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaonyesha mstari wa pili. Huo ulikuwa chini alfajiri, unaanza kupanda jua likipanda, unafika kileleni saa sita, saa saba, saa nane, halafu unateremka hadi magharibi.

"Huo ni wa nini?" nikauliza.

"Ozoni, Mwalimu."

Nilicheka. "Ozoni iko juu, binti yangu. Nilikufundisha mwenyewe. Mwavuli wetu ule."

Hakucheka. Akasema taratibu, kwa adabu, "Ile ni ya juu. Hii haikushuka, inatengenezwa hapahapa chini. Moshi wa magari ukipigwa na jua kali unabadilika. Asubuhi ni moshi, mchana ni hii. Haina rangi, huioni. Kadiri mbingu inavyokuwa safi na jua kali, ndivyo inavyozidi. Inaunguza mapafu kwa ndani. Wenye pumu tunawaambia mchana wakae ndani."

Nilimkumbuka palepale. Kidato cha tatu, alikaa dirishani. Alininyooshea mkono siku ile ninachora mwavuli ubaoni, akauliza, "Mwalimu, na ikiwa huku chini tunakopumua, je?" Nami nikamjibu, "Kwani wewe utaipandia ngazi ukaishushe?" Darasa zima lilimcheka, akakaa chini, na muhula ule hakuuliza tena. Nilijiona mcheshi siku ile. Nilisimulia hadi nyumbani.

"Na alfajiri?" nikamuuliza.

"Alfajiri hapa kando ya barabara kuna masizi. Mchana kuna hii. Mgonjwa wa kifua mtaa huu hana saa yake, Mwalimu. Angekaa mbali na barabara, alfajiri ingekuwa ndiyo hewa yake. Hii nyingine upepo huibeba, hufika hata mashambani, ingawa si kama hapa."

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro. Nilitoka bila kuaga, na njiani nilikuwa nakimbia, mwanamke mzima, mwalimu, mbele ya wanafunzi. Mama alikuwa kwenye mkeka. Siku hizo alikuwa hangoji tena nimtoe, anatoka mwenyewe kwa wakati, maana nilikuwa nimemfundisha vizuri. Nilimshika mikono nikamwinua, nikauburuta mkeka ndani, nikafunga mlango.

"Leo vipi?" akauliza. "Saa sita hii."

"Jua kali," nikasema.

Nilishindwa kusema zaidi. Mimi ambaye mdomo wangu unajulikana mtaa mzima! Niliyeweza kumfokea kaka yangu mbele za watu kwa unga anaopuliza ili ale, na mimi miaka miwili nimemweka mama yangu kwenye sumu kwa mikono yangu, kila siku, tena kwa ratiba. Kaka alimwonyesha mama kitu cha kukimbia. Mimi nilimwambia hakuna kitu.

Jumamosi nilimrudisha kijijini. Kaka alifagia chumba cha mama, akatoa kitanda kikuukuu akaingiza kipya. Baadaye nilisikia kwamba mikorosho minne iliyo karibu na nyumba ameamua kutoipuliza. Iliingiwa na ubwiriunga yote, maua meupe tupu. Hakuniambia, niliiona nilipokwenda, na sikuthubutu kumsemesha habari yake.

Nilikwenda tena korosho zilipoanza kuanguka. Mama hafiki shambani. Anafika mlangoni, anapumzika, anafika kwenye kizingiti cha jiko, anapumzika. Wanamletea mabibo kwenye ndoo, anazinyofoa korosho akiwa amekaa, mikono bado mizuri. Nilifika mchana. Aliponiona tu akaacha ndoo, akajiinua kwa ukuta, akauchukua mkeka uleule, akaanza kuutandika nje kwenye jua.

"Mama, acha."

"Si saa sita? Wewe si ndiye uliyesema?"

Hapo ndipo niliposema yote. Nilikaa chini mlangoni nikamweleza kile kitu, jua, moshi, mstari unaopanda, binti niliyemcheka. Nikasema, "Mama, nilikosea. Mchana ndio ulikuwa mbaya. Ulikuwa unaniambia kunabana na mimi nakutoa nje. Nisamehe." Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwani mimi sikujua? Kifua si changu?"

"Ulijua?"

"Hilo dude lako la jina gani sikulijua. Kwamba mchana unaniua, nilijua wiki ya kwanza."

"Sasa kwa nini ulikuwa unatoka, mama? Mpaka unatoka mwenyewe!"

Akanyoosha ncha ya mkeka kwa kiganja, polepole, pumzi zikija moja moja. "Ndani ulikuwa unakaa na madaftari yako. Pale kwenye mkeka ndipo ulikuwa unakaa na mimi."

Niliikunja kona ya mkeka, nikaikunjua.

"Kwa hiyo saa sita imeharamishwa," akasema, na nikasikia amefurahi kidogo kunitania. "Haya, mwalimu. Sasa tutakuwa tunakaa saa ngapi?"

Mkoba wangu ulikuwa begani. Ndani mlikuwa na madaftari ya kidato cha pili, nilikuja nayo ili niyasahihishe huku nikimwangalia mama.